Flashi Moja na Mwavuli: Mpiga Picha Anayeanza Anunue Nini Kwanza?

Kazi ya kupiga picha inawalisha vijana wengi katika Kaunti za Kitui na Makueni. Kuna harusi na ntheo, kuna mahafali ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza na ya vyuo vya ufundi, kuna harambee za makanisa, mazishi, na wanafunzi wanaotaka picha za pasipoti. Kuanzia Mwingi hadi Mutomo, na kuanzia Nunguni hadi Mtito Andei, si rahisi kukosa kibanda chenye printa ndogo na kitambaa cheupe ukutani.

Malalamiko ya wateja nayo yanafanana. Picha ya saa saba mchana inatoka macho hayaonekani, kwa sababu jua liko utosini na paji la uso limeyatupia kivuli. Picha ya usiku ndani ya hema inatoka uso unang'aa jasho na nyuma ni giza totoro. Mpiga picha anadhani kamera yake ndiyo dhaifu, anachukua mkopo, ananunua kamera kubwa zaidi, na picha zinazofuata zinatoka vilevile. Kamera haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mwanga uliowekwa mahali pake, na mwanga huo hupatikana kwa bei ya chini kuliko lenzi moja nzuri.

Kwa nini flashi itoke juu ya kamera

Flashi iliyokaa juu ya kamera hutupa mwanga kutoka pale pale lenzi inapotazama. Vivuli vyote hujificha nyuma ya mtu, na pua, mashavu na kidevu hupoteza umbo. Uso unakuwa bapa kama wa kitambulisho. Flashi hiyo hiyo ikitolewa na kuwekwa juu ya stendi, upande wa kushoto au wa kulia, juu kidogo ya usawa wa kichwa, kivuli chepesi huangukia upande wa pili na uso unarudi kuwa uso wa mtu.

Kwa wateja wa huku jambo hili lina uzito zaidi. Ngozi nyeusi haipendezi kwa kumwagiwa mwanga mkali kutoka mbele. Hupendeza kwa mng'ao wa chanzo kipana kilichokaa pembeni, kwa kuwa mng'ao huo ndio unaochora shavu, taya na paji la uso. Mtihani wenyewe ni bibi harusi mweusi mwenye gauni jeupe. Kamera ikiachwa ijiamulie, hulitazama gauni, hupunguza mwanga, na uso unazama. Flashi ya pembeni humpa mpiga picha nafasi ya kuamua: anausogeza mwavuli karibu na uso, anauinua kidogo ili sehemu kubwa ya mwanga ipite juu ya gauni, na uso unapata haki yake huku gauni likibaki na mikunjo yake.

Flashi gani?

Flashi za siku hizi ni za aina mbili kuu. Kuna zinazopima mwanga zenyewe kupitia lenzi, zinazoitwa TTL, na kuna zile ambazo mpiga picha huamua nguvu mwenyewe kwa kubonyeza vitufe: nguvu kamili, nusu, robo, na kushuka hivyo hadi 1/128. Za kwanza ni ghali zaidi. Zinamfaa anayekimbizana na bwana harusi kutoka mlangoni hadi madhabahuni, umbali ukibadilika kila sekunde. Lakini flashi iliyo juu ya stendi haikimbii. Umbali wake na mtu ukishapangwa, nguvu hupangwa mara moja na picha 50 zinazofuata hutoka sawa. Anayeanza hana sababu ya kulipia TTL.

Jambo la kutafuta ni redio iliyo ndani ya flashi yenyewe. Zamani kila flashi ilihitaji kipokezi cha kuchomekwa chini yake, chenye betri zake, na kipokezi hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kupotea au kufa katikati ya sherehe. Leo Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV, zote za bei ya chini na zote za kupangwa kwa mkono, zina redio ya 2.4 GHz ndani. Juu ya kamera hukaa triga, yaani kifaa kidogo kinachoiamuru flashi iwake shata inapofunguka. Majina haya hayatajwi hapa kama tangazo. Yanatajwa kwa sababu ni ya kawaida sokoni na kwa sababu yanaonyesha vizuri kosa linalogharimu pesa nyingi, la kuchanganya koo. Triga ya Godox haielewani kwa redio na YN560, na ya Yongnuo haiiamuru TT600. Anayenunua flashi ya kwanza anachagua pia ukoo wa flashi ya pili na ya tatu atakazoongeza baada ya mwaka, kwa hivyo aulize mapema wenzake wa karibu wanatumia ukoo gani. Flashi ya kuazima Jumamosi asubuhi ni lazima izungumze lugha moja na triga yake.

Flashi nyingi za aina hii pia zina jicho la kuona flashi nyingine ikiwaka na kuwaka nayo, hata kama ni za makampuni tofauti. Njia hiyo hufanya kazi ndani ya chumba. Nje kwenye jua jicho hupofuka, na kwenye harusi kila mgeni mwenye kamera ataiwasha flashi yako bila kujua.

Kabla ya kutoa pesa, kamera yenyewe ichunguzwe. Katika reli ya flashi iliyo juu ya kamera huwa kuna viguso vidogo vya chuma, na kile kikubwa cha katikati ndicho kinachowasha flashi yoyote ya kawaida. Canon EOS 2000D, 4000D na 250D, kamera za bei nafuu ambazo wanaoanza huzipenda, zilitengenezwa bila kiguso hicho cha katikati. Flashi au triga yenye kiguso kimoja tu ikiwekwa juu yake haitawaka kamwe, hata mpiga picha abadilishe betri mara kumi. Huhitaji triga iliyotengenezwa kuwasiliana na Canon kupitia vile viguso vidogo, na si kila triga inayoandikwa "ya Canon" inaweza. Kamera za Sony za kisasa nazo zina reli ya umbo lake, ndiyo maana kuna triga zilizowekewa alama ya Sony pekee. Dawa ni moja: kamera ipandishwe matatu iende dukani pamoja na mwenyewe, flashi iwashwe pale mezani mara kumi, kisha ndipo pesa itolewe. Anayeagiza kwa mtandao aandike aina kamili ya kamera yake na apate jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Namba kubwa ya kwenye boksi

Boksi la TT600 limeandikwa namba 60. Hiyo ni namba ya kuongoza. Ukiigawa kwa umbali wa mita, unapata kipimo cha tundu la lenzi kwa ISO 100 flashi ikiwa na nguvu kamili. Lakini 60 hiyo imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimebanwa hadi 200 mm, mwanga ukitoka kama wa tochi nyembamba. Hakuna anayepiga picha ya familia namna hiyo. Kichwa kikifunguliwa ili mwanga ujaze mwavuli, namba hushuka sana.

Tuseme imeshuka hadi 32. Mtu akiwa mita 4 kutoka kwenye flashi, 32 gawa kwa 4 ni 8, basi tundu ni f/8. Akiwa mita 2 ni f/16. Umbali umepungua nusu na mwanga umeongezeka mara nne. Hii ndiyo hesabu inayofaa kukaa kichwani kuliko nyingine yoyote. Kisha mwavuli mweupe hula sehemu ya mwanga, kama hatua 2, kwa hivyo f/16 ile ya mita 2 inakuwa f/8.

Sasa jua la Kibwezi saa saba mchana. Kwa ISO 100 na shata ya 1/200, jua lisilo na wingu hutaka takriban f/11. Kwa nini 1/200? Kwa sababu kamera nyingi haziwezi kwenda kasi zaidi ya 1/200 au 1/250 na flashi ya kawaida. Zikipita hapo, mstari mweusi hukata picha. Flashi yetu ndogo nyuma ya mwavuli kwa mita 2 inatoa f/8. Jua limeishinda kwa hatua 1. Ukisogeza stendi hadi karibu mita 1.4, zinalingana. Yaani mtu mmoja au wawili mchana, inawezekana kwa kujibana. Ukoo mzima wa watu 30 baada ya ibada, haiwezekani, na hakuna ujanja wa vitufe utakaoleta mwanga ambao flashi haina.

Wauzaji hapa humshauri mteja anunue flashi kubwa yenye betri yake ya lithiamu, kama Godox AD200 yenye nguvu ya jouli 200. Ni kifaa kizuri, na bei yake ni karibu mara tano ya TT600. Lakini kuna mwembe. Chini ya mti wenye kivuli kizito, jua limekwisha kupunguzwa na matawi, na flashi ndogo ya pembeni inatosha kabisa kuamsha nyuso. Mpiga picha anayefika saa moja mapema na kutafuta mti, au ukuta wa kanisa wenye kivuli, amejiokolea bei ya flashi nne. Kitu cha kuangalia ni madoa ya jua yanayopenya kati ya majani. Doa moja likitua puani, picha imeharibika.

Mwavuli, stendi na upepo

Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, wenye upana wa kama mita moja, ndio wa kuanza nao. Hufunguka kwa sekunde, hujikunja ukaingia kwenye mkoba, na ukivunjika mbavu si hasara kubwa. Softiboksi huelekeza mwanga vizuri zaidi na haimwagi kila upande, ila huchukua muda kufunga na hubeba nafasi kwenye bodaboda. Ingoje. Pamoja na mwavuli kunahitajika kishikio cha kuunganisha flashi, mwavuli na stendi. Ni kipande kidogo ambacho watu husahau kununua, wakafika nyumbani na vitu vitatu visivyoshikana.

Stendi nyepesi zaidi dukani huwa ndiyo ya bei ya chini zaidi, na kwa kazi ya ndani inatosha. Nje, mwavuli ni tanga la dau. Upepo wa Julai na Agosti katika uwanda wa Kathonzweni au Kyuso utauangusha kwa pigo moja, na flashi itatua kwa kichwa. Mifuko ya uzito inauzwa, lakini mfuko wa kitambaa wenye kilo 5 za mchanga uliofungwa mguuni pa stendi hufanya kazi ile ile. (Mchanga huo na utoke kwa fundi aliyebakiwa nao. Makueni ina sheria ya kuhifadhi mchanga tangu 2015, na mito yetu imeshachotwa vya kutosha.) Mpwa wa kushika stendi ni bora kuliko mfuko, kwa kuwa anaweza pia kufuata jua.

Kwa upande wa pili wa uso, ule wenye kivuli, hakuna haja ya kununua flashi nyingine mapema. Ubao wa stairofomu nyeupe uliotoka kwenye boksi la friji, ukisimamishwa hatua moja kutoka kwa mtu, hurudisha mwanga wa kutosha.

Betri ndizo gharama iliyofichika

TT600 hutumia betri 4 za AA, na triga nyingi hutumia 2. Betri za tochi za bei ya chini hufa baada ya picha chache, na kila zinavyochoka ndivyo flashi inavyokawia kujaa. Mpiga picha anabonyeza, flashi haijawa tayari, na busu la bwana na bibi harusi limepita. Betri za kuchajiwa za NiMH zenye uwezo mzuri hutoa mimweko zaidi ya 200 ya nguvu kamili, na mara nyingi zaidi ya hapo zikitumiwa kwa robo ya nguvu. Seti 3 za betri 4 pamoja na chaja inayochaji kila betri peke yake zinatosha siku ya harusi. Bei yake iingizwe kwenye hesabu ya flashi tangu mwanzo. Wengi huiacha nje, kisha hununua betri za duka la kijijini kila wikendi hadi zinapita bei ya chaja.

Zichajiwe usiku wa kuamkia juzi, si jana, kwa sababu stima hupotea. Na zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Flashi yenyewe pia huchoka: baada ya mimweko kama 30 mfululizo ya nguvu kamili inafaa ipumzishwe, la sivyo itajizima ili isiungue.

Mwenye simu je?

Simu nyingi haziwezi kuamuru flashi ya aina hii. Anayetumia simu, au anayerekodi video, anahitaji taa ya LED inayowaka muda wote. Hizo ni rahisi kutumia kwa kuwa unaona kivuli kabla ya kupiga, na kwa picha za pasipoti ndani ya kibanda taa mbili ndogo, moja kila upande, zinafaa sana. Zisitarajiwe kushindana na jua. Taa ya mviringo inayouzwa kwa watengenezaji wa video za mitandaoni nayo humrudisha mpiga picha kwenye tatizo la mwanzo: mwanga unatoka pale pale lenzi ilipo, na uso unakuwa bapa, safari hii na duara ndani ya macho.

Vifaa vilivyotumika

Flashi iliyotumika inaweza kuwa bahati, lakini za kale sana ziogopwe. Baadhi ya flashi za enzi za filamu hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye kile kiguso cha katikati, na zinaweza kuua kamera ya kidijitali papo hapo. Fundi wa umeme mwenye mita anaweza kupima kwa dakika moja. Na flashi isiyowaka isifunguliwe nyumbani. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzimwa na betri kutolewa, na imewahi kuwatupa watu wazima chini.

Hesabu ya picha za Sh100

Bei hubadilika na dola, kwa hivyo mfano huu ni wa kuonyesha njia tu. Tuseme mpiga picha wa Wote huuza picha ya papo hapo kwa Sh100, na karatasi, wino na stima humgharimu Sh40. Anabaki na Sh60. Flashi, triga, mwavuli, kishikio, stendi, betri na chaja vikigharimu Sh20,000, atahitaji kuuza picha 334 ili pesa irudi. Akiuza picha 40 kwa kila sherehe, ni sherehe 9. Akiwa na sherehe 2 kwa mwezi, ni chini ya miezi 5. Sasa achukue vifaa vya Sh60,000: picha 1,000, sherehe 25, zaidi ya mwaka mmoja, bila kuhesabu nauli wala riba. Katika mwaka huo kuna Januari na Februari ambapo hakuna anayeoa, na kuna msimu ambapo mvua ikikosekana sherehe huahirishwa.

Mkopo nao upimwe kwa muda wake. Mkopo wa kibinafsi wa Hazina ya Hasla, ulipozinduliwa Novemba 30, 2022, uliwekewa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na siku 14 za kulipa. Pesa ya siku 14 inaweza kununua karatasi na wino wa Jumamosi hii. Haiwezi kununua flashi itakayojilipa kwa miezi 5. Kwa flashi, chama cha wapiga picha watatu au wanne wa soko moja ni njia salama zaidi: wanachanga, wananunua seti moja ya ukoo mmoja, wanaandika zamu kwenye daftari, na anayeivunja anailipa. Seti ya pili hununuliwa na mapato ya ya kwanza.

Zoezi kabla ya kazi ya kwanza

Vifaa vikishafika, visipelekwe harusini wikendi hiyo hiyo. Jioni jua likishatua, mtu aketishwe kwenye kiti, mita 2 kutoka ukutani. Kamera iwekwe ISO 100, shata 1/160, tundu f/8, na flashi robo ya nguvu nyuma ya mwavuli. Apigwe stendi ikiwa mita 1, kisha mita 2, kisha mita 4, bila kubadilisha kitu kingine. Kisha stendi irudishwe mita 1 na izungushwe: mbele yake, pembeni nusu, pembeni kabisa. Picha hizo 6 zichapishwe ndogo, nyuma ya kila moja yaandikwe umbali na upande, na zifungwe pamoja ndani ya mkoba wa kamera. Siku ya kazi, hema likiwa limejaa watu na mshereheshaji akiwa ameshaita familia mbele, ni rahisi zaidi kutazama karatasi hiyo kuliko kuanza kukisia.